Kulinda swichi, betri na nyaya za umeme kwenye banda la nje lisilopashwa joto

Swali: Nina banda la mbao lenye paa la bati, kama mita 40 kutoka kwenye nyumba. Halina joto lolote. Msimu wa baridi hushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, na kiangazi ndani huwa kama tanuri. Nataka kuweka humo swichi ya mtandao, kisambazi cha Wi-Fi, mashine ya kurekodi kamera na UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme unapokatika), kisha nivute umeme kutoka nyumbani kwa ajili ya taa na mashine za useremala. Je, niweke hita? Ninunue boksi lisilopitisha hewa kabisa? Na kebo ya mtandao niivuteje?

Jibu: Ndugu msomaji, baridi peke yake isikutie hofu sana. Kinachoharibu vifaa vingi kwenye mabanda ya namna hii ni maji, na mara nyingi hayatoki kwenye paa linalovuja bali kwenye hewa yenyewe. Hewa yoyote ikipozwa hufika mahali ambapo mvuke uliomo huanza kugeuka matone. Hapo ndipo kwenye kiwango chake cha umande. Hewa ya nyuzi 12 za Selisiasi yenye unyevu wa asilimia 90 hufika huko kwenye nyuzi 10 na kitu. Chuma chochote kilicho baridi kuliko hapo kitatoka jasho kama glasi ya maji ya barafu.

Ndiyo maana usiku wa baridi kali hauna hatari kubwa kama ile siku hali ya hewa inapogeuka. Banda limekaa kwenye baridi kwa juma zima, halafu unaingia upepo wa vuguvugu wenye unyevu. Hewa imeshafika nyuzi 12, lakini swichi iliyozimwa, mwili wa boksi na skrubu za breka bado ziko kwenye nyuzi 2. Haupiti muda mrefu vyote vimelowa, na maji hayo hukaa katikati ya vipini vya sakiti vilivyoachana kwa nusu milimita tu. Ukiwasha umeme wakati huo, unaweza kuharibu kifaa papo hapo, au ukaanzisha kutu itakayokimaliza baada ya miezi kadhaa wakati umeshasahau chanzo chake.

Kwa hiyo lengo lako ni moja: kila kifaa kiwe na joto kidogo kuliko hewa inayokizunguka, usiku na mchana. Tofauti ya nyuzi 5 au 6 inatosha. Hewa ya nyuzi 5 yenye unyevu wa asilimia 90 ukiipasha hadi nyuzi 11, unyevu wake hushuka hadi asilimia 60 hivi, bila kuondoa hata tone moja la maji. Kazi hiyo haihitaji kupasha banda zima. Inahitaji wati chache tu mahali panapofaa.

Na wati hizo tayari unazo. Swichi, kisambazi na vigeuza umeme vyake hutoa joto muda wote vinapowaka, basi viache viwake. Kuvifunga kwenye saa ya kuzima usiku ili kuokoa umeme ni kosa baya sana: unavipoza usiku unyevu ukiwa juu, kisha unaviwasha asubuhi vikiwa vimelowa.

Boksi na hesabu yake

Chukua boksi la chuma lililopakwa rangi, la kutundika ukutani, lenye kimo cha sentimita 60, upana 40 na kina 25. Ukiondoa mgongo unaokaa ukutani, eneo linalotoa joto ni kama mita za mraba 0.75. Chuma kilichopakwa rangi hupitisha takriban wati 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Zidisha: 0.75 mara 5.5 ni wati 4.1 kwa kila nyuzi. Vifaa vyako vikitumia jumla ya wati 25, ndani ya boksi kutakuwa na joto zaidi ya nje kwa nyuzi 6. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha mapema mambo yatakapoharibika. Vifaa vikitumia wati 6 tu, tofauti ni nyuzi 1.5, nayo haitoshi. Hapo unahitaji hita ndogo. Hata kwa wati 25, nje pakiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, ndani patakuwa nyuzi 9 chini ya sifuri, na swichi ya kawaida ya nyumbani, ambayo kwa kawaida huandikwa nyuzi 0 hadi 40, iko nje ya mipaka yake. Kiangazi, chini ya bati lililopigwa na jua, hewa ya bandani inaweza kupita nyuzi 45, na ndani ya boksi ikawa 51. Swichi ileile imevuka mpaka wake wa juu.

Wengi hapo hukimbilia kulivisha boksi sponji au foamu. Tazama inachofanya. Foamu ya milimita 25 hupunguza upotevu wa joto hadi kama wati 1.2 kwa mita ya mraba kwa nyuzi. Boksi zima sasa linapoteza wati 0.9 hivi kwa kila nyuzi, na wati zako 25 zinapandisha joto kwa nyuzi 28 hivi. Kipindi cha baridi utafurahi, kwa sababu nje pakiwa 15 chini ya sifuri ndani ni nyuzi 13. Kiangazi, nje pakiwa 32, ndani ni 60, na kapasita (vipande vidogo vya kuhifadhi chaji) za ndani ya vigeuza umeme zinakauka. Kwa kapasita za aina hiyo kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Kama ni lazima uweke foamu, iwe paneli zinazotoka, na uandike tarehe ya kuzitoa kwenye mlango wa boksi.

Ushauri wangu ni tofauti. Nunua swichi ya viwandani iliyoandikwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 70 au 75. Ina bei kubwa kuliko ya nyumbani, lakini inakuondolea foamu, feni na wasiwasi wa misimu yote miwili kwa pamoja. Soma lebo ya kigeuza umeme chake pia. Ni jambo la kawaida kukuta swichi ngumu imeunganishwa na adapta ya plastiki ya nyuzi 0 hadi 40, na adapta ndiyo inayokufa kwanza. Tumia kigeuza cha kufungwa kwenye reli ya chuma, chenye mipaka ya joto inayolingana na ya swichi.

Boksi lisilopitisha hewa kabisa, uliloliuliza, halipo katika bei za kawaida. Namba ya IP65 ina maana kwamba vumbi haliingii na maji yanayorushwa hayaingii. Haina maana kwamba mvuke hauingii. Boksi hupumua. Mchana hewa ya ndani inapanuka na kusukumwa nje kupitia gasketi na glandi za kebo (vibanio vya mahali kebo inapoingia). Usiku inasinyaa na kuvuta hewa ya nje yenye unyevu. Maji yakishageuka matone ndani, hayana pa kutokea, na boksi bora linageuka tangi. Ndiyo sababu ya kuweka kizibo cha kupumulia chenye utando, ambacho hupitisha hewa na kuzuia maji ya majimaji. Kiweke upande wa chini, mahali palipo chini kuliko pote, na usitoboe tundu lolote juu ya boksi. IP54 au IP55 yenye kizibo hicho ni afadhali kuliko IP66 isiyopumua.

Silika jeli sikushauri uitegemee. Kwenye boksi linalopumua hujaa baada ya muda mfupi, na baada ya hapo haifanyi kitu. Inafaa ndani ya kamera iliyozibwa kiwandani, hapa haifai. Feni inayovuta hewa ya banda nayo inaleta unyevu pamoja na unga wa mbao, na unga huo ukishikamana na unyevu hutengeneza gamba linalopitisha umeme na kuzuia vifaa kupoa.

Hita sasa. Ukinunua swichi ya viwandani, unahitaji hita ya kuzuia umande tu: ya kufungwa kwenye reli, aina inayojipunguza yenyewe inapopata moto, wati 15 hadi 30, ikiongozwa na higrostati iliyowekwa asilimia 65. Higrostati huwasha hita unyevu unapopanda na kuizima unaposhuka, kwa hiyo siku kavu za baridi haitumii umeme bure. Ifunge chini ndani ya boksi, iache nafasi ya sentimita 10 juu yake, na pasiwe na kebo inayoigusa. Ukishikilia vifaa vya nyumbani vya nyuzi 0 hadi 40, hesabu inakuwa kubwa. Kupandisha nyuzi 20 kwenye boksi letu kunahitaji wati 82. Vifaa vinatoa 25, hita ichangie 57, yaani hita ya wati 60 yenye thamostati iliyowekwa nyuzi 5. Siku za baridi kabisa hiyo ni karibu uniti moja na nusu ya umeme kwa siku, na bado hujatatua kiangazi.

Balbu ya zamani kama hita, au hita ya feni ya chumbani iliyoachwa ikiwaka bandani, usiweke. Una mbao, una unga wa mbao, na hakuna mtu anayelala humo wa kunusa moshi. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi ina ubaya mwingine usioonekana: kila kilo ya propeni inayoungua hutoa kama kilo 1.6 za maji, yanayoingia hewani na kutua kwenye kila kilicho baridi. Ukiiwasha kwa jioni moja ya useremala umemwaga maji mengi bandani kuliko ambayo mvua ingeweza kupenyeza.

Boksi likae wapi? Kwenye ukuta wa ndani kama upo, au upande usiopigwa na jua la mchana. Kimo cha kifua ni kizuri: sakafuni kuna baridi na maji, na karibu na bati kuna joto la kiangazi na matone yanayodondoka asubuhi kutoka upande wa ndani wa bati. Weka vipande viwili vya mbao au chuma nyuma yake ili pabaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kati ya boksi na ukuta. Kama sakafu ni ya udongo, tandika nailoni nene ya milimita 0.2 na uweke mbao au tofali juu yake. Udongo hutoa mvuke mwaka mzima, na nailoni hiyo mara nyingi inashusha unyevu kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Kebo kati ya majengo mawili

Hapa sina mashaka: vuta fiba, yaani kebo inayopitisha mwanga badala ya umeme. Kebo ya mtandao ya shaba inafika hadi mita 100, kwa hiyo kwa mita 40 ingefanya kazi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Majengo mawili yana ethi mbili (miunganisho ya umeme na ardhi) zinazoweza kutofautiana volti. Siku za kawaida tofauti ni ndogo. Radi ikipiga ardhi jirani, hata bila kugusa jengo lolote, tofauti hiyo inaweza kufika maelfu ya volti kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Vitransfoma vidogo vilivyo ndani ya tundu la kebo ya mtandao hupimwa kwa volti 1,500. Kinachofuata ni kuungua kwa swichi ya bandani, ruta ya nyumbani, na chochote kilichounganishwa baina yao. Kebo yenye ngao ya chuma iliyofungwa ethi pande zote mbili inaongeza tatizo, maana ngao yenyewe inakuwa njia ya mkondo kati ya ethi mbili.

Fiba ni kioo, haipitishi umeme. Nunua fiba ya modi moja, daraja la OS2, ya nje, iliyokwishafungwa vichwa vya LC kiwandani, urefu wa mita 50 hadi 60 ili ubaki na mizunguko miwili mitatu kila upande. Nunua yenye nyuzi nne hata kama utatumia mbili. Zilizobaki ni akiba. Kila upande weka moduli ya SFP (kipande cha kuchomeka kinachogeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme) ndani ya swichi, au kigeuzi cha fiba kama swichi yako haina tundu lake. Moduli zinazotumia uzi mmoja kwa kutuma na kupokea huuzwa kwa jozi zenye rangi mbili za mwanga, kwa mfano nanomita 1310 na 1550; ukiweka mbili zinazofanana taa haiwaki, na watu hulaumu fiba. Moduli ya bandani iwe ya viwandani pia, kwa kuwa zile za kawaida zimeandikwa nyuzi 0 hadi 70.

Chunga jambo moja dukani. Fiba nyingi za kuzikwa ardhini zina deraya ya chuma dhidi ya panya, au waya wa chuma wa kuimarisha. Ukiingiza chuma hicho hadi ndani ya boksi, umerudisha njia ya umeme uliyokuwa unaikimbia. Chagua isiyo na chuma kabisa na uilinde kwa paipu. Wakati wa kuvuta usiikunje chini ya mara 20 ya unene wake, na ikishatulia usishuke chini ya mara 10. Vifuniko vya vichwa visitolewe hadi dakika ya kuchomeka. Vumbi dogo usiloliona kwa macho linatosha kuua mwanga. Ukishachomeka, soma nguvu ya mwanga kwenye ukurasa wa usimamizi wa swichi na uiandike mahali. Ikishuka miaka ijayo utajua kuna kitu kimebadilika.

Paipu lenyewe ndilo linaloleta maji kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Mdomo mmoja uko ndani ya nyumba yenye joto na mvuke wa jikoni na bafuni, wa pili uko ndani ya boksi baridi. Hewa ya nyumbani husafiri polepole ndani ya paipu na kutua kama maji kwenye swichi yako, mchana na usiku, msimu mzima wa baridi. Ukifungua boksi ukakuta maji upande wa paipu tu, chanzo ni hicho. Ziba midomo yote miwili kwa udongo laini wa kuzibia mabomba ya nyaya, ule usiokauka, ukizunguka kebo zote kwa unene wa sentimita 3 au zaidi. Foamu ya kupuliza haifai. Ukitaka kuongeza kebo baadaye utaikata kwa kisu, na kisu kitafika kwenye fiba.

Paipu ziinamishwe kidogo ili maji yasielekee kwenye jengo lolote, na kebo ziingie boksini kwa chini tu. Kabla ya kuingia, kila kebo ishuke chini kuliko tundu lake na kupanda tena, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke kwenye kona ya chini badala ya kufuata kebo hadi ndani. Umeme na mawasiliano viwe kwenye paipu tofauti. Kina cha mtaro na umbali kati ya paipu huamuliwa na kanuni za umeme za mahali ulipo.

Kamera za nje bado zitatumia kebo ya shaba kwa sababu zinapata umeme kupitia humohumo. Nunua kebo ya nje yenye ganda jeusi la polithini na jeli ndani. Kebo ya ndani yenye ganda la PVC hukakamaa kwenye baridi na kupasuka, na maji yakishaingia hutambaa ndani yake hadi kwenye kichwa cha mwisho. Huko yanakutana na umeme wa PoE (ule unaopita ndani ya kebo ya mtandao), na kipini chenye chanya huanza kuliwa: utaona unga wa kijani, kamera inajiwasha upya usiku, kisha inanyamaza. Paka mafuta ya silikoni ya vifaa vya umeme ndani ya kichwa cha kamera kabla ya kufunga kikombe chake cha kuzuia maji.

Umeme wenyewe

Kuvuta laini ya umeme hadi banda ni kazi ya fundi mwenye leseni, hasa suala la ethi. Ziko njia zaidi ya moja zinazokubalika: ethi kutoka nyumbani pamoja na laini, au nguzo ya ethi ya banda lenyewe. Ni lazima iamuliwe kulingana na mfumo wa mtandao wa umeme wa eneo. Hatari kubwa ni kuwa na ethi mbili ambazo hazijaunganishwa ndani ya banda moja, kwa mfano kufunga boksi la mtandao kwenye nguzo yake binafsi huku soketi zikitumia ethi ya nyumbani. Mtu akishika vyote viwili wakati wa hitilafu, yeye ndiye waya unaoviunganisha. Boksi la chuma, kinga za miruko ya volti na soketi vyote viende kwenye baa moja ya ethi.

Mwombe fundi mambo matatu. Kwanza, sakiti ya vifaa vya mtandao iwe ya peke yake, na breka yake yenye kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Ukiiweka pamoja na msumeno, siku msumeno ukivujisha kidogo kwa sababu ya unyevu breka itakatika, boksi litapoa, na hutajua hadi kamera zikizimika. Pili, unene wa waya upigiwe hesabu ya upungufu wa volti. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwa mita 40 una ukinzani wa omu 0.56 kwenda na kurudi. Kwa ampea 10 unapoteza volti 5.6, ambazo kwenye laini ya 230 ni asilimia 2.4, na zinavumilika. Lakini mota ya msumeno inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, taa zinafifia, na UPS inabofya. Kwa mashine za useremala nenda milimita za mraba 4 au 6. Tatu, aweke kinga ya miruko ya volti, SPD ya aina ya 2, kwenye ubao wa breka wa banda na nyingine nyumbani. Waya zake, za laini na za ethi kwa pamoja, zisizidi nusu mita. Waya mrefu uliopindwapindwa unaifanya kinga nzuri ishindwe kazi, kwa sababu mruko hupanda haraka na waya wenyewe unaupinga.

Ubao wa breka nao unapata umande kama vifaa vingine. Usiuweke kwenye ukuta wa nje wa baridi bila nafasi nyuma. Mbadiliko wa joto na baridi hulegeza skrubu za nyaya kidogokidogo, na muunganisho uliolegea hupata moto hata kwa mzigo wa kawaida. Fundi azikaze kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, na azipitie tena baada ya mwaka wa kwanza.

UPS na mashine ya kurekodi

Mashine ya kurekodi kamera irudishe nyumbani. Diski zake zinazozunguka kwa kawaida haziruhusiwi kufanya kazi chini ya nyuzi 0 au 5, na fiba itafikisha picha nyumbani bila shida. Isitoshe mwizi anayevunja banda hatachukua ushahidi pamoja na msumeno.

UPS ni suala gumu zaidi. Betri ya risasi iliyozibwa hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake kwenye nyuzi 0, na karibu nusu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Huo ni upungufu wa muda tu, hurudi joto likirudi. Kinachoiua ni joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu, kwa hiyo kiangazi kimoja chini ya bati kinaweza kula miaka yake. Pia isiachwe bila chaji wakati wa baridi. Ikiwa imejaa haigandi kwenye baridi yako, lakini ikiisha kabisa maji yake yanaweza kuganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri na kupasua ganda. Betri za lithiamu fosfeti huvumilia joto vizuri zaidi, ila zisichajiwe chini ya nyuzi 0, maana lithiamu hujenga tabaka la metali ndani na betri inaharibika isirudi tena. Nunua tu ile yenye ulinzi unaokata chaji kwenye baridi, au yenye hita yake ya ndani.

Kwa mzigo wa wati 25, mimi ningeweka UPS nyumbani na kulisha kutoka hapo ile sakiti ya mtandao ya banda, mradi fundi akubali mpangilio wa ethi na ulinzi wake. Betri inakaa kwenye joto la nyumbani na boksi halipoi umeme unapokatika. Hita tu ndiyo isilishwe na UPS, itaimaliza betri. Ikiwa lazima betri iwe bandani, ikae kwenye kisanduku chake chenye matundu ya hewa, nje ya boksi la vifaa. Betri inapochajiwa kupita kiasi hutoa hidrojeni, na boksi lenye gasketi ni mahali pabaya pa kuikusanya.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi na boksi likapoa, usiliache lijiwashe lote kwa pamoja. Weka rilei ya kuchelewesha ili hita iwake kwanza kwa dakika 30 hadi 60, kisha vifaa. Na kifaa chochote unachokileta nyumbani kutoka bandani wakati wa baridi kifungwe ndani ya mfuko wa nailoni kikiwa bado huko nje. Kiache humo nyumbani kwa saa kadhaa hadi kipate joto la chumba. Umande utakaa juu ya mfuko.

Weka kihisi cha joto na unyevu ndani ya boksi na kingine bandani nje yake. Cha muhimu ni tofauti kati ya vile viwili. Tofauti ya nyuzi 6 ikishuka ghafla hadi 1, kuna kifaa kimezimika. Unyevu wa ndani ukikaa juu ya asilimia 75 kwa siku mbili mfululizo, kagua hita na udongo wa kuzibia paipu. Kabla ya baridi na kabla ya kiangazi fungua boksi, mchana wa siku kavu na si asubuhi ya ukungu. Futa vumbi, angalia kama kizibo cha kupumulia kimezibwa na utando wa buibui, bonyeza kitufe cha majaribio cha breka ya kuvuja umeme, tazama dirisha la rangi kwenye SPD. Tundu lolote linaloweza kupitisha penseli linapitisha panya mdogo pia: liwekee wavu wa chuma kisichopata kutu wenye matundu ya milimita 6 au pungufu. Matundu ya hewa ya kisanduku cha betri yawekewe wavu wa milimita 1, kwa ajili ya nyigu na sisimizi.